Swali la Mzee wa Safu ya Nyuma

Mavi ya fisi yakikauka huwa meupe kama chaki. Siku niliyosimama mara ya kwanza kuzungumza na watu kuhusu wanyamapori, nilikuwa na tonge moja ndani ya kopo, na ndilo lililonisitiri. Nililipitisha mkono kwa mkono. Wakubwa walilishika kwa ncha za vidole. Mtoto mmoja akalinusa, akatangaza kuwa halinuki. Nikaeleza kwamba weupe ule ni chokaa ya mifupa, maana fisi madoa huuvunja hata mfupa wa paja la nyumbu na kumeza vipande. Pembeni mwa tonge ulichomoza unywele mmoja mweusi. Kwa unywele kama ule, nikawaambia, ukitazamwa kwenye hadubini, mtafiti hujua fisi alikula nani.

Hapo nikapata moyo. Nikawasimulia habari za mtafiti Hans Kruuk, aliyewafuata fisi usiku Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960. Kule kreta aligundua kwamba fisi huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na simba unayemkuta asubuhi juu ya mzoga, fisi wamemzunguka, mara nyingi ndiye aliyewanyang'anya. Watu wakacheka. Nikajiona bingwa.

Ndipo mzee mmoja wa safu ya nyuma akasimama. "Mwanangu, sisi tuliambiwa fisi ni huntha. Mwaka huu dume, mwaka ujao jike. Ni kweli?"

Ukumbi ukanyamaza. Jibu nilikuwa nalo, kurasa mbili nzima kwenye daftari, kwa mwandiko wangu. Lakini watoto walikuwa wamekaa mbele chini, na ulimi ukawa mzito.

"Hapana, mzee. Ni uvumi tu. Kuna swali jingine?"

Uvumi tu! Hata leo nikikumbuka najikunja. Kwamba fisi habadiliki jinsia, hilo ni kweli, na Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, alishaukana uvumi huo kabla ya Kristo. Ila waliosema hivyo hawakuota. Waliona kitu.

Nilikuwa nakusanya vitu vyangu mzee alipofika mezani, taratibu, kofia mkononi.

"Umesema uvumi. Mimi nimemwona fisi mwenye uume, kwa macho haya, ananyonyesha."

"Shikamoo mzee," nikasema, kwa kuwa sikuwa na lingine la kusema.

"Marahaba. Haya, niambie."

Nikageuza karatasi ya maelezo yangu, nikachora nyuma yake. Ule si uume, ni kinembe kilichorefuka, na hata husimama. Midomo ya uke imeungana ikafanana na mfuko wa korodani. Mtafiti wa porini huwatofautisha kwa ncha: ya dume imechongoka, ya jike ni butu. Na jike ndiye mkubwa wa mwili, ndiye anayeongoza ukoo. Dume mgeni akihamia huanzia mkiani kabisa. Sijui watoto walifika saa ngapi, lakini nilipoinua macho walikuwa wameizunguka meza, na hakuna aliyecheka. Yule aliyenusa mavi alikuwa amepanda kiti ili aone vizuri.

"Sasa mkojo?" akauliza mzee.

"Hupitia humo humo."

"Na dume humpandaje?"

"Humo humo. Jike asipotaka, haiwezekani."

Akatikisa kichwa. Kidole chake kikafuata mstari wa kalamu toka tumboni hadi kwenye ncha, kikasimama pale palipo pembamba.

"Basi mtoto anatokea wapi?"

Nikamwonyesha palepale kidole kilipokuwa. Nikamwambia kwamba uzazi wa kwanza hukipasua kinembe, na kwamba watoto wengi wa uzazi huo hufa njiani kwa kukosa hewa.

Mzee aliitazama ile karatasi kitambo. Akaniomba nimpe, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Pole yake," akasema, akavaa kofia.