Bado siku tisa niende kwa Wareno

Siku tisa tu zimebaki na usingizi hauji, nimetoka nimekaa barazani kwa bibi hapa Kibokoni, Mombasa, saa sita usiku ishapita, upepo wa bahari unakuja kidogo kidogo, na begi langu jipya liko chumbani wazi lina soksi na leso moja tu ndani. Nimeona afadhali niandike kuliko kulala chali nahesabu boriti.

Kwa wasionijua, niko kidato cha tatu, niko kwa klabu ya historia, na shule yetu imetuchagua watu sita twende Ureno, mji wa Lisbon, siku nane kwenye likizo ya Agosti. Shule inalipa ndege na malazi, wazazi wanatoa ya paspoti na pesa kidogo ya mkononi. Mamangu anauza mahamri na mbaazi hapo mlangoni kila asubuhi, na mimi mbali kabisa nilikowahi kufika ni Nairobi, tena juzi juzi tu kwa sababu ya hii hii safari. Kwa hiyo mkiniona natabasamu peke yangu kwa matatu mniwie radhi.

Bibi nilipomwambia alikuwa anachambua mchele kwenye uteo. Hakuinua kichwa. "Wenda kwa Wareno?" Nikamwambia ndio bibi. Akachambua weee, akatoa vijiwe viwili akaviweka kando, ndio akasema, "Hawo ndio walotuchomea mji." Alivyosema ungedhani ni mwaka jana, kumbe anazungumzia 1505, Almeida, yule mkuu wa Wareno, na merikebu zake, walipoichoma Mombasa. Kisha akanitazama. "Haya nenda mwanangu. Lakini ukaangalie kwa mato yako, usiye ukanambia uloambiwa."

Hayo maneno yamenikaa. Kwa sababu ukifikiria, mambo mengi tunayosoma darasani kuhusu Mombasa ya wakati ule tunaambiwa na yule aliyekuja na merikebu. Vasco da Gama ametoka Lisbon Julai 1497, amefika kwetu Aprili 1498, hapa hakuelewana na watu akaenda zake Malindi, kule akapokelewa vizuri na akapewa rubani wa kumvusha mpaka India. Yote hayo tunayajua kwa kuwa wao waliandika. Sasa sisi je? Yule mtu aliyekuwa amesimama ufuoni siku hiyo anaona matanga asiyoyajua, yeye alisema nini akirudi nyumbani kwake usiku?

Hii hamu ilianzia Ngomeni, yaani Fort Jesus, ile ngome ya Wareno hapa Mombasa, na si mimi niliyeianza. Nna rafiki yangu, anakaa Likoni, kila siku anavuka na feri alfajiri kuja shule. Mwaka jana klabu ilitembea ngome, wengine wote wakakimbilia mizinga kupiga picha, yeye akanivuta mkono tukaenda pale kulipowekwa kipande cha ukuta wa zamani chenye michoro. Wanasema waliichora Wareno waliokuwa wakikaa mle ngomeni, mabaharia au askari. Kuna watu, kuna merikebu kadhaa. Tulisimama pale muda mrefu sana. Mistari yenyewe haiko sawa, mlingoti umepinda, lakini kamba zimechorwa moja moja, aliyechora alikuwa anaijua merikebu kamba kwa kamba. Rafiki yangu akasema, "Huyu alikuwa anatamani kwao." Basi. Na mimi tangu siku hiyo nikipita Ngomeni siioni tena kama jengo la watalii, namuona mtu kakaa sakafuni na kipande cha makaa, joto la Mombasa linamuua, anachora kile kitakachomrudisha nyumbani. Sijui kama kilimrudisha. Ngome wameijenga kuanzia 1593 mpaka 1596 na Waomani wakaja kuichukua Desemba 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, na katika hiyo miaka mitatu wengi walikufa mle ndani kwa njaa na maradhi.

Sisemi hivi kuwatetea, bibi akinisikia atanifukuza barazani. Nasema tu kwamba nataka kuona alikotoka.

Ila ninachokitaka zaidi ya vyote, kile hasa ninachokiombea kwenye sujudu, ni barua. Mwalimu wetu alituambia kule Lisbon kuna hazina ya nyaraka za taifa inaitwa Torre do Tombo, na kati ya makaratasi yao ya zamani wanazo barua za Kiarabu, ikiwemo ya mfalme wa Malindi aliyomwandikia mfalme wa Ureno. Mimi niliposikia hivyo nywele zilinisimama. Yaani mtu wa pwani hii, Malindi hapo tu unapanda matatu, alishika kalamu au alimwambia karani wake andika, barua ikavuka bahari mpaka kule, na bado ipo. Halafu 1755 Lisbon ikapigwa na tetemeko kubwa, ule mnara waliokuwa wakihifadhia hizo nyaraka ukaanguka, na watu wakaenda wakazitoa kwenye kifusi. Mji mzima umeanguka na moto unawaka na mtu anafukua makaratasi! Mwalimu ameandika kuomba tuoneshwe, bado tunasubiri jibu. Nimejiambia hata wakituonesha picha yake tu nitashukuru, lakini si kweli, ntalia.

Torre do Tombo ndio mpango wangu mimi. Mpango wa shule una Belém, ule mnara wa mtoni, na kanisa la Jerónimos ambako ndiko kuna kaburi la da Gama. Ntaenda ntasimama pale. Bado sijui ntajisikiaje na sitaki kuamua kabla sijafika.

Kuna na maneno pia. Nimekuwa najifunza Kireno kwa simu kila jioni na kila nikigeuka nakuta kitu cha nyumbani. Meza ni mesa. Bendera ni bandeira. Leso, hii hii leso ya mamangu, ni lenço, kitambaa. Halafu gereza. Gereza limetokana na igreja, na igreja ni kanisa! Nilipomsomea bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema yeye akiwa mtoto ngome yenyewe ilikuwa jela ya Mwingereza, na kweli ilikuwa jela mpaka 1958, na kwamba mamake alikuwa akiwakataza kucheza karibu na ule ukuta jioni. Miaka yote hii ananipeleka madrasa tukipita pale pale na hakuwahi kuniambia. Nashangaa safari ya kwenda mbali ndiyo imemfungua mdomo juu ya hapa hapa.

Sasa niseme hili ambalo ndilo hasa linaninyima usingizi. Rafiki yangu haendi. Alichaguliwa, insha yake ilikuwa ya kwanza, yangu ya tatu. Lakini kwa mtoto wa chini ya miaka kumi na nane walitaka idhini ya wazazi wote wawili, na babake aliondoka kitambo, hakuna anayejua yuko wapi, namba yake haishiki. Mamake alizunguka na zile karatasi wiki mbili, kwa wakili, kwa chifu, huku anaambiwa njoo kesho huku anaambiwa hii haitoshi, mpaka siku za kuomba visa zikaisha. Mimi cheti changu cha kuzaliwa jina lilikosewa herufi moja na ilirekebishwa, tukapanda SGR Miritini alfajiri na mamangu, Nairobi mashine ikakataa vidole vyangu mara mbili kwa sababu ya hina ya harusi ya binamu, mara ya tatu ikakubali. Nilitoka pale nafurahi mpaka naruka, halafu nikamkumbuka nikasimama. Tofauti yetu mimi na yeye ni sahihi moja ya mtu ambaye hata hayupo. Hilo si haki na sitajifanya naona ni kawaida, na nimemwambia mwalimu kwamba safari nyingine ikipangwa waanze na karatasi zake mapema, hata kabla ya kutangaza majina.

Yeye mwenyewe hakulia mbele yangu. Leo jioni alikuja kabla hajakwenda kupanda feri, tukala viazi karai pale pale tunapokula siku zote, pilipili ya ukwaju inatiririka mpaka kwenye kiwiko, akatoa daftari dogo kwenye begi la shule akanipa. Amejaza kurasa nne maswali. Karatasi yenyewe ya barua ikoje, nene au nyepesi. Wino mweusi au umeshakuwa wa kahawia. Mwandiko unafanana na wa maalim wetu wa madrasa au wa kigeni. Kuna muhuri. Ameanza na bismillahi au ameanza na jina la mfalme. Imekunjwa mara ngapi, niangalie mikunjo. Na la mwisho, pale mtoni Belém nisimame niangalie upande wa bahari, nimwambie kunanuka vipi.

Kwenye jalada amechora ile merikebu ya ukutani, kamba moja moja, na mlingoti ameuacha umepinda vile vile.

Bibi ameamka, namsikia anafungua maji ya udhu, atanikuta hapa anigombeze. Daftari nimelifunga ndani ya leso, nimeliweka chini kabisa ya begi, kisha nimelitoa tena nikalihamishia kwenye mkoba wa begani nitakaokuwa nao ndani ya ndege.