Nilivyopata DVD raita ya nje inayoelewana na laptopu yangu

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, natoa kopi, napiga pasipoti saizi, na kuna kazi moja watu wanadhani imeshakufa, kuchoma DVD. Haijafa bwana. Kwaya zinaleta albamu zirudufiwe, vijana wa video shutingi wanaleta harusi na sendofu wakiwa wameshaediti, na mzee mwenye deki yake sebuleni huwezi kumwambia habari za linki, anataka kitu cha kushika mkononi chenye picha ya bibi harusi kwenye kava. Kompyuta ya mezani niliyokuwa nachomea ilipochoka nikahamia kwenye laptopu, na laptopu za siku hizi mnazijua, nyembamba kama chapati, sehemu ya CD hamna kabisa. Kwahiyo ikabidi nitafute DVD raita ya nje, ile ya kuchomeka kwa USB.

Yangu inatumia Windows 10, ina tundu moja la USB jeusi, moja la bluu, na Type-C moja pembeni. Nataja matundu kwa sababu ndo yaliyoamua kila kitu. Ram sijui prosesa hayana kazi hapa, hata laptopu ya zamani kabisa inachoma DVD vizuri tu.

Kabla sijatoa hela nikaazima ya kijana mmoja anayeshuti harusi. Nikachomeka kwenye tundu jeusi, Windows ikaitambua yenyewe bila draiva yoyote, nikaweka DVD ya kwaya ikasoma safi. Nikasema basi hii ndo aina ya kununua. Sasa ngoja uweke diski tupu uanze kuchoma. Mota inaanza kuvuma, mvumo unapanda, taa inawaka ikipepesa, asilimia zinasogea vizuri mpaka kama theluthi hivi, halafu unasikia ndani *tk*, mvumo unashuka, na laptopu inatoa ule mlio wa kifaa kilichochomolewa wakati hakuna mtu aliyegusa waya. Ukiitoa diski unaona duara jeusi-jeusi limeishia katikati, hiyo ni ya kutupa. Nikahamishia tundu la bluu, diski nyingine ya aina ileile, programu ileile, ikachoma mpaka mwisho.

Hapo ndo nikaelewa tatizo lilikuwa umeme. Hizi raita nyembamba hazina waya wake wa ukutani, zinakula umeme kutoka kwenye USB hiyohiyo. Tundu la USB 2.0, ndo lile jeusi, kwa kanuni yake linatoa miliampea 500, la USB 3.0, lile la bluu, linatoa 900. Kusoma diski kunakula kidogo, lakini kuchoma kuna mota inayozungusha na leza inayofanya kazi kwa nguvu zaidi, mahitaji yanaruka, na kama tundu halitoi ya kutosha kifaa kinajizima. Matundu mengi yanatoa zaidi kidogo ya kanuni ndo maana kwa wengine inakubali hata kwenye jeusi, ila hiyo ni bahati ya laptopu yako. Na ukipitishia kwenye habu, kile kidude cha kugawa tundu moja kuwa manne, ndo umemaliza kabisa, labda iwe habu yenye chaja yake.

Basi nikaenda Dar, Kariakoo, nikiwa na laptopu begani na diski tupu zangu kwenye mkoba. Maduka mengi ukiuliza raita unatolewa boksi limeandikwa USB 3.0 kwa maandishi makubwa na muuzaji anakwambia hii inachoma fasta kuliko zile za 2.0. Hiyo siyo kweli na hesabu yake ni nyepesi. Kasi ya 1x ya DVD ni kama megabaiti 1.4 kwa sekunde, raita nyembamba nyingi zinachoma mwisho 8x, yani kama megabaiti 11 kwa sekunde, na USB 2.0 kwenye karatasi inabeba 60, kiuhalisia hata nusu yake inatosha na kubaki. Kwahiyo bluu ya kwenye plagi haikuongezei kasi hata kidogo kwa DVD. Bluu inayokusaidia ni ile ya kwenye laptopu, tena kwa ajili ya umeme.

Muuzaji mmoja akanitolea ile nyembamba ya Apple, SuperDrive, nzuri kweli kwa macho. Hiyo nilishaijua, imetengenezwa kwa ajili ya Mac, ukiichomeka kwenye Windows ya kawaida hata diski haivuti ndani mpaka uifanyie ujanja. Mwenye Mac achukue, mimi nikairudisha.

Duka nililonunua nilimwambia kijana wazi, kaka naomba nichomee hapahapa nione.

"Dada, si imesoma hiyo? Ikisoma na kuchoma inachoma."

"Kusoma zinasoma zote. Nataka kuchoma, diski ninazo mwenyewe."

"Sasa dada angu kila mteja akikaa robo saa hapa mimi nitauza saa ngapi?"

Ila akaniachia kona ya meza, tena bila kinyongo, nikamsogelea na laptopu nikaitoa kwenye chaja makusudi. Sababu umeme wetu unajua wenyewe, ukikatika katikati ya kuchoma laptopu inabaki na betri, nilitaka nione raita inavyofanya kwenye betri peke yake. Nikachomeka tundu jeusi kwanza, lile bovu kwa umeme. Ya kwanza aliyonipa, boksi halina jina la maana, ikajizima. Ya pili ilikuwa ya LG na ndani ya boksi hamna waya wa ziada, ikamaliza diski nzima kwenye jeusi. Nikairudia kwa kuhakiki, ImgBurn, programu ninayochomea, ina sehemu ya kulinganisha kilichochomwa na faili lenyewe, ikasema sawa. Nikalipa. Muuzaji akaniuliza hiyo programu inaitwaje, nikamwandikia, ni ya bure, toleo lake la mwisho ni la 2013 lakini kwenye Windows 10 inapiga kazi kama kawaida.

Kama ungependa ile iliyojizima kwa sababu ya bei, ipo njia, waya wa miguu miwili. Mguu mmoja unaingia tundu la kupitisha data, wa pili unaingia tundu lingine au hata kwenye chaja ya simu, unachota umeme tu. Inafanya kazi. Mimi sikutaka kwa sababu matundu yangu machache na mausi inataka lake, flashi za wateja nazo zinataka nafasi. Wenye laptopu za Type-C peke yake nao adapta ndogo ya moja kwa moja inatosha, tundu lenyewe la Type-C huwa halina njaa ya umeme.

Upande wa diski nachoma DVD-R, deki nyingi za zamani zinazipokea vizuri kuliko za plasi, yani DVD+R, na kasi naweka 4x hata kama raita inaruhusu 8x. Diski iliyojaa inachukua kama robo saa, mteja anakunywa soda. Pia kumbuka kwamba kwenye boksi wanaandika 4.7GB lakini Windows inahesabu kivyake na kukuonyesha 4.38, kwahiyo harusi ya masaa manne usitegemee iingie bila kubana picha mpaka sura za watu ziwe matofali. Hiyo nagawa kwenye diski mbili.

Wengine huwa wananiletea laptopu mbovu ya zamani wanataka ile CD ya ndani ichomolewe iwekwe kwenye kava ya USB, yani kasha la kuigeuza iwe raita ya nje. Inawezekana na ni rahisi kibei, ila kabla hujanunua kava pima unene wa ile raita, kuna za milimita 12.7 na kuna za 9.5, kava ya moja haishiki nyingine vizuri. Halafu angalia meno ya nyuma ya kuchomekea: aina ya SATA ni kipande bapa chenye sehemu mbili, moja fupi moja ndefu kidogo, za zamani zaidi za IDE zina pini ndogondogo nyingi kwenye kipande kimoja kipana, na kava za hizo siku hizi kuzipata ni kutafutana. Na kava nayo inakula umeme wa USB vilevile, kwahiyo ukiijaribu dukani ijaribu kwa kuchoma.