Nilivyochagua lenzi za studio yangu kwa kuanza na chumba na taa

Studio yangu ipo Morogoro, chumba kimoja chenye urefu wa mita 5. Urefu huo ndio ulionichagulia lenzi. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza wanunue lenzi ya 85mm au ya 50mm (namba ikiwa kubwa, lenzi huvuta mtu karibu zaidi), nami huwauliza kwanza chumba chao kina urefu gani.

Kamera yangu ni ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande kinachopokea picha), aina ya APS-C. Kwa sensa hiyo, ukitaka mtu aonekane kuanzia kichwani hadi miguuni, lenzi ya 85mm inakudai umbali wa zaidi ya mita 7. Ya 50mm inataka mita 4 na nusu, ya 35mm mita 3 na kidogo. Na mteja hasimami akiegemea karatasi ya nyuma, lazima awe mbele yake walau mita moja. Kwa mwili mzima, basi, 35 ndiyo inayoingia chumbani kwangu. Kwa picha ya kifua kwenda juu 50 inatosha, nikisimama mita moja na nusu hivi. Ukimsogelea mtu karibu zaidi ya hapo, pua inakua na masikio yanarudi nyuma, hata lenzi iwe ya bei gani.

Hiyo 35 nilikuwa nayo tayari, ndani ya lenzi iliyokuja na kamera, inayovuta kuanzia 18mm hadi 55mm. Wenzangu walinisihi niiuze. Nimebaki nayo kwa sababu ya flashi, ambayo mwanga wake unatosha bila kufungua lenzi sana: studio napiga ISO 100 (wepesi wa sensa kupokea mwanga), shata, yaani pazia la kamera, 1/160 ya sekunde, tundu la lenzi f/8 (namba ndogo ndiyo tundu kubwa). Kwenye f/8 lenzi ya kawaida inatoa picha kali kabisa, na lile tundu kubwa la f/1.4 ambalo watu hulilipia pesa nyingi halifunguliwi kamwe. Nikanunua 50mm f/1.8 ya bei nafuu, pesa iliyobaki ikaenda kwenye taa moja ya flashi yenye nguvu ya 400Ws na softiboksi (kasha la kitambaa la kulainisha mwanga) ya pembe nane yenye upana wa sentimita 120. Softiboksi hiyo imenisaidia kuliko lenzi zote mbili.

Kabla ya kuwasha taa napiga picha moja bila flashi. Ikitoka nyeusi tii, najua mwanga wa dirishani hautaingilia rangi ya ngozi. Shata siipitishi 1/200, kikomo cha kamera yangu inapotumia flashi. Ukizidisha, pazia la pili la shata huanza kufunga kabla la kwanza halijafunguka lote, na picha inatoka na ukanda mweusi.

Halafu umbali wa taa. Ukiitoa mita 1 ukaipeleka mita 2 kutoka usoni, uso unapata robo tu ya mwanga. Kwa hiyo taa ikiwa mita 1 kutoka kwa mteja na karatasi ikiwa mita 3 kutoka kwenye taa, karatasi inapata sehemu moja ya tisa, na nyeupe inageuka kijivu kizito bila kununua karatasi nyingine. Kuta zangu nyeupe hurudisha mwanga hadi upande wa kivuli, basi upande huo natundika kaniki, na uso unapata umbo.

Ngozi nyeusi ndiyo kazi ninayoipenda zaidi, na hapo wengi huongeza tu nguvu ya flashi. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao, na mng'ao ni taswira ya taa yenyewe. Taa ndogo inaacha doa jeupe kwenye paji la uso. Softiboksi kubwa iliyosogezwa karibu na kugeuzwa kidogo pembeni inatandaza mng'ao taratibu shavuni. Mama mmoja aliyekuja kabla ya send-off ya binti yake aliniambia, "Mwanangu, usinifanye mweupe, wanangu wanijue." Sikugusa nguvu ya taa, niliisogeza tu. Wakija maharusi, bwana mwenye suti nyeusi namweka upande wa taa, bibi mwenye shela namweka mbali nayo kidogo, vinginevyo nyuzi za gauni zinapotea kwenye weupe.

Sasa najiwekea akiba ya taa ya pili, ya kuweka nyuma ya mteja, maana nywele nyeusi mbele ya kitambaa cheusi hazionekani zinapoishia. 85 nikiihitaji kwa harusi ya nje, naikodi.