Nilivyompata mhasibu wa Mwanza LinkedIn bila kulipia kifurushi

Kiwanda chetu cha samaki kipo Mwanza, na tulikuwa tunatafuta mhasibu mwandamizi mwenye CPA(T), cheti cha juu cha uhasibu kinachotolewa na NBAA, bodi ya wahasibu nchini. Ukimtajia Mwanza mhasibu wa Dar aliyezoea kiyoyozi cha Posta, anakujibu "nitakucheki", na hakucheki ng'o.

Mshauri mmoja wa ajira, tena wa kulipwa, akatuambia tutangaze LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, na kuruhusu watu waombe kwa kubofya tu. Maombi yakamiminika kama dagaa: mchora ramani wa Lagos, mwalimu wa yoga, kijana wa Bangalore aliyevutiwa na "maono ya kampuni" ambayo hata mimi siyajui. Wenye CPA ya NBAA walikuwa wa kutafuta kwa tochi, na nao walitaka kufanyia kazi nyumbani, Mbezi. Mshauri akasema basi tuilipie LinkedIn kifurushi cha juu. Kwa hesabu yangu, bei yake kwa mwezi ilikuwa inaukaribia mshahara wa karani. Nikamwambia bosi, niachie mimi.

Niliingia ukurasa wa LinkedIn wa SAUT, chuo kikuu cha hapahapa Malimbe, Mwanza, nikafungua sehemu ya wahitimu. Pale unawachuja kwa mahali wanapoishi, waajiri wao na fani. Nikachagua wanaoishi Dar, fani ya uhasibu, nikaongeza neno CPA. (Usihangaike kuandika "mhasibu", watu wetu huandika vyeo kwa Kiingereza.) Aliyesoma Malimbe hatishwi na Mwanza, na wengine ni watoto wa huku: ana mama Magu, au kiwanja Buswelu kinachoota majani. Wala sikujali nani kaweka kwenye picha yake ile duara ya kijani ya kuonyesha anatafuta kazi. Mhasibu mzuri haiweki, bosi wake ataiona.

Akaunti ya bure inakupa herufi 200 tu kwenye ombi la kuunganishwa, na ombi lenye ujumbe unatuma machache kwa mwezi. Kwa hiyo hakuna "natumaini u mzima wa afya". Mshauri alikataza kutaja mshahara, mimi nikautaja: "Habari za kazi dada. Kiwanda cha samaki Mwanza kinatafuta mhasibu, CPA(T). Mshahara kama 2.5M, nyumba ipo. Umewahi kufikiria kurudi?"

Usiku uleule nikajibiwa: "Kaka, hiyo nyumba ina maji?"

Nikajua huyu kashaanza kufunga mizigo. Nilihakiki uanachama wake NBAA, akaja, akasailiwa, na sasa ndiye anayenikatalia risiti zangu za teksi.

Bosi kanogewa, anataka nimpatie na fundi wa majokofu kwa njia hiyo. Nimemwambia mafundi wa majokofu hawashindi LinkedIn. Wapo kwenye makundi ya WhatsApp na vijiwe vya Kirumba, anipe nauli nikawafuate.