Boksi la Kondomu

Kwenye choo cha ploti yetu hapa Kawangware, Nairobi, kuna boksi la chuma limepigiliwa misumari ukutani. Zamani nililijaza kila Jumatatu, na Alhamisi lilikuwa jeupe. Hadi juzi, buibui alikuwa ametanda ndani.

Dada yangu alikufa kwa UKIMWI 2002. Sheria ya kuruhusu dawa za bei nafuu ziingizwe nchini ilikuwa imepitishwa 2001, lakini nafuu hiyo haikumfikia. Mimi nilianza ARV 2006, zilipokuwa za bure katika hospitali za umma, na niko hai. Kwa hivyo asinijie mtu akisema matibabu yapunguzwe ili kinga iongezwe. Na tena, kidonge ninachomeza kila usiku saa tatu ni kinga pia: utafiti wa 2011 ulionyesha kwamba mtu akianza dawa mapema, hatari ya kumwambukiza mwenzake inapungua kwa asilimia 96. Virusi vyangu havionekani kwenye vipimo, na mume wangu hana.

Lakini mimi ni mshauri rika, na naona fedha zikipungua nani huguswa kwanza. Mgonjwa akikosa dawa, kilio kinasikika. Ambaye hajaambukizwa atalilia nini?

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada. Februari ikatoka ruhusa: ARV ziendelee, ila PrEP, dawa ya kumkinga ambaye hajaambukizwa, ilipiwe wajawazito na wanaonyonyesha tu. Siku hizo binti mmoja anayeuza chipsi usiku alinijia na kichupa chake, akakitikisa sikioni mwangu. Vidonge vinne.

“Anti, kwani hadi nishike mimba ndio nipewe?”

Hakuwa anatania. Alitaka kujua kweli. Tulitembea vituo viwili vya afya. Cha kwanza walikataa, cha pili wakamwambia arudi baadaye. Njiani hatukusemezana. Nilimwachia kondomu tano zilizokuwa mkobani.

Ninachodai ni kwamba dirisha ninalochukulia dawa zangu, binti yule naye achukulie zake hapo hapo, na zinunuliwe kwa kodi yetu, si kwa huruma ya mtu aliye Washington.

Jana nilipanda stuli nikapangusa ule utando. Mwenzangu wa Dagoretti alikuwa amenigawia pakiti kadhaa, zikajaza boksi nusu. Leo asubuhi zimebaki tatu.