Siku moja na mikono yangu: kukanda farasi kutoka Ngong Road hadi Kiserian

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nawaambia nakanda farasi, na huwa wananyamaza wakingoja niendelee kama vile sijamaliza kusema. Nimemaliza, ndiyo hiyo kazi. Nilikuwa saisi miaka tisa, kulisha, kuosha, kupiga brashi, kutembeza farasi akitoka mbio mpaka jasho likauke, alafu nikasomea masaji ya farasi na sasa ni mwaka wa tano nazunguka mabanda ya Ngong Road, Karen na Lang'ata na begi moja la mgongoni. Ndani kuna kipimajoto, taulo mbili, brashi laini na daftari. Acha niwapeleke na Jumanne iliyopita manake ilikuwa na kila kitu.

Saa kumi na nusu alfajiri. Niko stendi ya Ngong nangoja matatu ya 111, baridi ile ya kwetu ya milimani, mikono iko ndani ya koti. Siifichi kwa sababu ya starehe tu. Farasi ukimgusa na mkono wa barafu anakaza mwili mzima na utapoteza dakika kumi kumtuliza. Kucha nimekata jana usiku, pete nimeacha nyumbani.

Saa kumi na moja na nusu nimefika uwanja wa mbio. Uwanja huu uko hapa tangu 1954 na kuna masaisi ambao baba zao pia walifanya kazi hapa hapa, hao ndio walionifundisha kuangalia kabla ya kushika. Kwa hivyo saa nzima ya kwanza sigusi mnyama, nasimama tu kando ya njia wakitoka kwenda mazoezi na nasikiliza. Farasi anayetembea vizuri kwato zake zinapiga nne kwa usawa kama saa ya ukutani, moja mbili tatu nne, sasa ukisikia moja inachelewa au inaburuza ncha kwenye murram hapo kuna neno. Mbio zilikuwa Jumapili, na siku ya pili baada ya mbio ndiyo uchungu wa misuli unatoka wazi, waliobeba saruji mjengo wanajua vile siku ya kwanza unacheka na ya pili huwezi kushuka ngazi.

Saa moja naanza na farasi kijana wa miaka minne aliyekimbia Jumapili, amejikaza kifuani. Kuna kitu kuhusu farasi ambacho nilikaa naye miaka tisa bila kukijua: farasi hana mtulinga. Sisi mkono wetu umeshikwa na ule mfupa wa juu ya kifua, yeye mguu wa mbele haujaungana na kiwiliwili kwa mfupa wowote, kifua chote kinaning'inia kwenye misuli kati ya miguu miwili kama mtu aliyelala kwenye machela. Na miguu ya mbele ndiyo inabeba karibu asilimia 60 ya uzito wake akiwa amesimama tu, sasa mpe joki juu na umkimbize, fikiria hiyo machela inavutwa vipi. Nikamshika taratibu mbele ya kifua, kiganja bapa, nikakanda kuelekea kwapani, nikainua mguu na kuuvuta mbele kidogo nikaushikilia mpaka akauachia mwenyewe mkononi mwangu. Ukisikia ule uzito umekuja wote mkononi ujue amekuamini. Dakika arobaini, akapiga pumzi ndefu puani, nikahamia wa pili na wa tatu, hao hawakuwa na shida kubwa.

Saa nne, Karen. Huyu ndiye aliyenifanya niandike.

Ni jike la kahawia, miaka kumi na moja, wanamwita Simsim. Mwezi mzima akifungwa mshipi wa tandiko anageuka kuuma, akipandwa anatupa kichwa, na kuna mtu alimshauri madam mwenye farasi amtafutie lijamu, kile chuma cha mdomoni, kali zaidi na asiogope kutumia fimbo. Ati ana kiburi. Mimi neno kiburi kwa farasi linaniuma, linaniuma kweli, manake huyu ni mnyama ambaye huko porini akionyesha anaumia ndiye simba anamchagua, kwa hivyo ameumbwa kuficha maumivu. Akifika mahali pa kuuma mtu ujue ameshaongea kwa upole mara nyingi na hakuna aliyemsikia.

Nilikuwa na kijana ninayemfundisha kazi. Nikamwambia ashike kamba ilegee, asimfunge, farasi aliyefungwa hawezi kukujibu. Nikaanza pale shingo inapoungana na mabega, ndipo farasi wawili wakiwa marafiki wanakunana kwa meno. Watafiti wawili, Feh na de Mazières, mwaka 1993 walionyesha kwamba farasi akikunwa sehemu hiyo mapigo ya moyo yanashuka, na hata bila kupima utaona kichwa kinateremka chenyewe. Chake kikateremka. Sasa nikalaza vidole vinne bapa nikafuata ule msuli mrefu wa mgongo, taratibu sana, sentimita moja ni pumzi moja, na nilipofika kama viganja viwili nyuma ya bega ngozi ikaruka. Si ile kuruka ya kufukuza nzi. Mgongo wote ulizama chini ukikimbia mkono wangu, masikio yakalala nyuma, mkia ukapiga mara moja.

Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanadhani wamepata fundo basi wanalikandamiza kwa kiwiko mpaka liachie. Mimi nilipunguza. Nikabaki na uzito ule wa kubonyeza ovakado sokoni ukitaka kujua kama imeiva bila kuiachia alama, alafu nikangoja. Sikusugua wala kuzungusha, nilingoja tu. Dakika moja hakuna kitu, kijana ananiangalia, dakika ya pili jicho likaanza kupepesa haraka haraka, mdomo wa chini ukalegea ukatetemeka, na chini ya vidole nikahisi kitu kama donge la siagi linapata joto. Alafu akapiga mwayo. Mkubwa, meno yote nje, macho yakageuka, akarudia mara tatu mfululizo na kuanza kulamba na kutafuna mdomo mtupu. Kijana akaniuliza, "Mzee, ana usingizi?" Nikamwambia hapana, anaachilia, usiongee sasa.

Tulifanya hivyo upande mmoja na mwingine karibu saa nzima. Lakini mkono wangu unaweza kulegeza msuli leo na kesho ukafunga tena kama chanzo hakijaondoka, kwa hivyo nikaomba niletewe tandiko. Kwanza nikamwonyesha madam kitu kilichokuwa hapo miezi yote: kando ya mabega, kila upande, kulikuwa na kishada cha nywele nyeupe ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Simsim hakuzaliwa nazo. Tandiko likibana mahali pamoja muda mrefu shina la nywele linaharibika na zinaota nyeupe, hiyo ni barua iliyoandikwa mgongoni. Nikaweka tandiko bila kitambaa chini yake, nikapitisha mkono. Mbele vidole vilikwama, katikati mkono ukapita bure hakuna kinachogusa, nyuma likabana tena. Yaani uzito wote wa mtu ulikuwa umesimama kwenye sehemu nne ndogo. Alafu nikahesabu mbavu na madam akahesabu na mimi, farasi ana jozi 18, ukipata ule wa mwisho unaufuata juu mpaka kwenye uti wa mgongo, na hapo ndipo tandiko linapaswa kuishia. Hili lilipita kwa upana wa vidole vitatu na kukalia kiuno, ambako hakuna ubavu wa kusaidia kubeba. Lilinunuliwa kwa ajili ya farasi mwingine.

Madam alinyamaza akampapasa shingo. "Kwa hivyo wakati huu wote alikuwa ananiambia?" Nikasema ndiyo madam, alikuwa anakuambia. Tulikubaliana asipandwe mpaka fundi wa matandiko aje, atembezwe kwa kamba tu, na daktari wa mifugo auangalie mgongo manake mimi nashika misuli, kilicho ndani ya mfupa siwezi kukiona.

Saa saba kasoro, banda lingine Lang'ata. Nimeitwa kukanda dume lililohasiwa, saisi ananiambia "amechoka tu kaka, hajamaliza chakula tangu jana, mkande kidogo atachangamka." Kabla ya kugusa farasi yeyote napima joto, sifanyi bila hiyo. Ya kawaida ni kati ya 37.5 na 38.5. Yake ilikuwa 39.8. Nikaweka vidole chini ya taya kwenye ule mshipa nikahesabu moyo, 56 kwa dakika, wakati akiwa ametulia haupaswi kupita 44 hivi. Ufizi ulikuwa umepauka. Nikafunga begi.

Hapa pesa inapotea na najua wenzangu wengine wangekanda tu. Farasi mwenye homa hakandwi, mwenye tumbo linalobana hakandwi, wala yule ambaye misuli ya nyuma imefunga kama ubao baada ya kazi na mkojo umegeuka rangi ya kahawa, hao wote ni wa daktari na ni wa haraka. Kwetu homa ya farasi inaweza kuwa ya kupe, inaweza kuwa ile tauni ya farasi inayoletwa na vijidudu vidogo kuliko mbu, vinavyouma kuanzia jioni mpaka alfajiri na ndiyo maana tunawaingiza ndani kabla jua halijazama. Ni ipi, mimi si wa kusema. Tulimpigia daktari, nikakaa na saisi tukampeleka kivulini na kumwekea maji mpaka gari likafika. Saisi alikuwa na wasiwasi ataambiwa ni yeye amezembea. Nikamweleza daktari mbele ya wote kwamba yeye ndiye aliyeona hajamaliza chakula, na ni kweli, jicho lake ndilo lililoona kwanza.

Chapati na dengu, nimesimama.

Saa tisa na nusu niko Kiserian. Jumanne jioni naenda kwa wenye punda, siwatozi kitu. Kuna mzee mmoja anauza maji, punda wake anavuta mkokoteni wa mitungi toka asubuhi, na tumelelewa wote na ule msemo wa punda afe mzigo wa bwana ufike. Siupendi. Punda akifa mzigo wa kesho nani ataubeba? Mzee ananiita daktari, kila mara namwambia mimi si daktari mzee wangu, na kila mara anasema sawa daktari. Wiki tatu zilizopita kamba ya kifuani ilikuwa imekata ngozi, nilikataa kugusa kidonda, tulishona pedi ya blanketi kuukuu ndani ya kipande cha gunia pana kama kiganja na kamba ikatolewa kabisa. Jumanne hiyo kidonda kilikuwa kimekauka. Nilimkanda shingoni na chini ya masikio, punda hupenda sana hapo chini ya masikio, akaniegemeza paji la uso kifuani akasimama hivyo. Mzee akanyamaza, alafu akaja upande wa pili akaanza kumkuna na yeye, kwanza kwa nguvu kama anasugua sufuria, nikamwambia polepole, akapunguza.

Saa moja usiku nimefika nyumbani. Mama watoto ameniwekea beseni la maji moto na chumvi, vidole gumba ndivyo vinauma zaidi, naandika daftari na mkono mmoja mwingine uko ndani ya maji. Simsim, mgongo kulia zaidi ya kushoto, miayo mitatu. Farasi kijana wa miaka minne, kifua.

Saa tatu na dakika kumi yule saisi wa Lang'ata akanitumia ujumbe. Daktari amechukua damu, amemchoma sindano, joto limeshuka kidogo, 39.1, amekula konzi mbili za nyasi. Nikamwambia apime tena saa tano na anitumie, na nikaseti alamu ya saa kumi ili nipitie kwake kwanza.