Mercury ya Hirohata kwa bati la debe: nilipofikia

Mchana nanyoosha bodi za magari kwenye gereji mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Usiku, tangu mfungo uishe, nakata madebe ya mafuta ya kula kutengeneza mfano mdogo wa gari la Kimarekani, Mercury ya mwaka 1951, kipimo cha moja kwa kumi. Si Mercury yoyote, ni ile Bob Hirohata aliyoipeleka mwaka 1952 kwa ndugu wawili, George na Sam Barris, mafundi wa Lynwood, California, waibadilishe umbo. Kichwani nilikuwa na swali moja tu: gari lile liliishia wapi? Huwezi kuiga kitu usichojua kilipitia nini.

Nimeanza na paa, maana ndipo kazi ilipo. Wale mafundi walilishusha inchi 4 mbele na inchi 7 nyuma. Kwenye bati langu hiyo ni milimita 10 na 18 hivi. Ukiona picha utadhani wamekata tu na kuunga. Jaribu uone! Nguzo za paa zimelala, kwa hiyo ukizifupisha paa halikutani tena na mwili, na pa nyuma panataka kuvutwa. Nimeharibu mapaa mawili. Juu ya hayo waliitoa kabisa nguzo ya kati, dirisha la mbele na la nyuma yakabaki uwazi mmoja mrefu. Hapo nilisimama kama nusu saa nikimwazia Sam, kwa sababu hiyo ndiyo nguzo inayobeba paa.

Ubavuni kuna ukanda wa nikeli wa Buick ya 1952, na nyuma ya mlango kuna tundu la hewa lenye meno ya shoo (wavu wa mbele) ya Chevrolet. Nimekata meno hayo kwa mkasi wa kucha. Wenzetu hawakuwa na puti hii ya kopo, maungio yao waliyajaza kwa risasi iliyoyeyushwa. Mimi nalehemu, naona tunafanana kidogo.

Sasa safari ya gari lenyewe. Mwaka 1953 Hirohata alilitia injini ya Cadillac akaliendesha mwenyewe kutoka California hadi kwenye maonyesho ya Indianapolis. Halikupakiwa kwenye lori. Kisha likapakwa rangi nyingine ili litokee kwenye filamu ya 1955, yeye akaliuza, na mtindo wenyewe ukapitwa. Mwaka 1959 lilikuwa yadi ya magari yaliyotumika, na kijana wa shule, Jim McNiel, akalinunua kwa dola 500. Akalitumia kama gari la kawaida, halafu mwaka 1964 akaliegesha gerejini kwake. Likakaa humo miaka mingi. Waandishi wa magazeti ya magari walikuja kumshawishi alifufue, naye akalifufua polepole.

Hirohata aliuawa kwa risasi mwaka 1981, na muuaji hakujulikana. Neno ni lile lile la kujazia maungio. Jioni ile niliweka koleo chini.

Mwaka 2017 gari liliingizwa kwenye rejista ya kitaifa ya magari ya kihistoria ya Marekani. Januari 2022, huko Kissimmee, Florida, lilinadiwa kwa dola 2,145,000 pamoja na ada. Mpwa wangu kasikia akasema, "Mjomba, yule aliyeliuza pale yadi angejua!" Nikamwambia hata angejua, angelisubiri wapi? Watu wanasifia mnada. Mimi namsifia kijana aliyekubali kupoteza nafasi ya gereji kwa gari ambalo hakuna aliyelitaka. Wateja wangu huniachia gari miezi mitatu tu, uwanja unakuwa mdogo.

Rangi ndiyo imenigomea. Nimeamua ile ya 1952: juu kijani cheupe kama povu la bahari, chini kijani kilichokolea, ukanda wa Buick ukiwa mpaka. Mchanganyo wa kwanza ulitoka kama ukuta wa zahanati. Wa pili niliongeza tone la bluu, ukakaribia. Jana nimepiga koti moja na spreya ndogo, unyevu ukaota vipele kwenye boneti. Nimeupitisha msasa namba 800 asubuhi, na gari liko juu ya kabati bila bampa wala shoo, likisubiri siku kavu.